Kanda 11 za marehemu baba na kamera ya laki mbili na ishirini

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Tabata. Nimekutana na kamera ya video ya zamani, zile za mkanda, kwa muuzaji wa vifaa vya mtumba. Ni Handycam ya Sony, anataka 220,000. Anasema ni nzima ila haina chaji. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao, na mimi napenda ule muonekano wa video za zamani, kwa hiyo nataka nimrekodi nayo, halafu niendelee kurekodi watoto nyumbani. Jambo la pili: mama ana kanda ndogo 11 alizorekodi marehemu baba kati ya 1996 na 2001, na hatuna cha kuzichezea kwa sababu kamera yake iliibiwa. Muuzaji anasema hii inacheza kanda zote ndogo. Nitajuaje kama ni nzima, na je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi.

Umeuliza swali moja lakini ndani yake mna manunuzi mawili. Kamera ya kurekodia sendofu ni kitu kimoja, na kifaa cha kuchezea kanda za marehemu ni kitu kingine, ingawa vyote vinaweza kukaa ndani ya kamera moja. Ukikosea kwenye sendofu umepoteza hela na simu yako itakuokoa. Ukikosea kwenye kanda, hakuna duka litakalokuuzia nyingine. Kwa hiyo nitaanza na kanda, kamera itasubiri.

Kwanza, hayo maneno ya muuzaji kwamba kamera inacheza "kanda zote ndogo" si ya kweli, na sisemi kwamba ni tapeli. Watu wengi wanaamini hivyo kwa sababu kanda hizi zinafanana. Kwenye kabati la mama zinaweza kuwemo za aina tatu. Ipo ya milimita 8, yenye urefu wa takribani sentimita 9 na nusu na unene wa sentimita 1 na nusu. Hii ndiyo iliyotumiwa na Handycam nyingi za enzi hizo. Ipo VHS-C, ambayo ukiitazama juu juu utadhani ni ileile, ila ni nene zaidi, kama sentimita 2, na ubavuni ina gia ndogo ya plastiki. Halafu ipo MiniDV, ndogo kabisa, karibu na ukubwa wa kiberiti, na hiyo ni ya dijitali. Kamera ya aina moja haipokei kanda ya aina nyingine hata ukiisukuma kwa goti.

Kama kanda za baba ni VHS-C, basi huhitaji kamera yoyote. VHS-C ni utepe uleule wa VHS, nusu inchi, uliowekwa kwenye ganda dogo. Kuna ganda la ukubwa wa kanda ya kawaida unaloitumbukiza VHS-C ndani yake, kisha unaingiza vyote kwenye deki ya VHS. Tafuta hilo ganda na deki nzima kwa ndugu au jirani, mambo yamekwisha. Lakini kanda ya milimita 8 haina ganda la namna hiyo, haijawahi kuwa nalo, na mtu akikuambia anakuuzia moja, muage kwa heshima. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa VHS na unasomwa kwa namna nyingine kabisa.

Nadhani kanda zenu ni za milimita 8, na hapo ndipo pana mtego ambao muuzaji hakukuambia. Ganda hilohilo la milimita 8 limebeba mifumo mitatu. Video8 ilikuja katikati ya miaka ya 1980. Hi8 ilifuata 1989, ikiwa na picha kali zaidi. Mwaka 1999 ikaja Digital8, inayoandika dijitali kwenye kanda zilezile za Hi8. Kamera ya Hi8 inasoma Hi8 na Video8. Kamera ya Video8 tupu ukiilisha kanda ya Hi8 itakupa picha iliyoharibika. Na zote mbili hazisomi Digital8 hata kidogo. Baba yako alirekodi kuanzia 1996 hadi 2001. Kama katikati hapo alibadilisha kamera, kanda za mwisho zinaweza kuwa Digital8 huku za mwanzo ni Hi8, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Muulize mama kama baba aliwahi kununua kamera ya pili. Wanawake wa rika la mama yako wanakumbuka kila kitu ambacho baba alinunua bila kushauriana.

Sasa soma lebo za kanda. Zilizouzwa kwa ajili ya nchi zinazotumia PAL, mfumo wa picha za televisheni kama wa kwetu, huandikwa P5-60 au P5-90, yaani dakika 60 au 90. Ukiona P6-120 usishtuke, hiyo ni kanda iliyokusudiwa kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, lakini utepe ni uleule na kamera ya PAL huandikia vizuri, ila dakika zinapungua hadi 90 hivi kwa sababu PAL huvuta utepe kwa kasi zaidi: karibu milimita 20 kwa sekunde dhidi ya 14 za NTSC. Kumbuka hizo namba mbili, maana zitarudi.

Na usijaribu kamera yoyote, ya mtu yeyote, kwa kanda ya baba. Wateja wangu wengi wamefanya hivyo. Wanakuja na kanda ya harusi ya wazazi wao mfukoni, wanaitumbukiza kwenye kamera iliyokaa miaka 15 kwenye sanduku, kamera inaitafuna, halafu wananiletea mimi utepe uliokunjika kama chapati.

Turudi kwa muuzaji. Geuza kamera, soma kibandiko cha chini. Kwa Sony, namba inayoanza na CCD ni ya analogi, yaani isiyo ya dijitali: Video8 au Hi8. Inayoanza na DCR ni ya dijitali, na hiyo inaweza kuwa Digital8, MiniDV au hata ya diski, kwa hiyo fungua mlango uone. Herufi E mwishoni mwa namba maana yake ni PAL. Isipokuwepo E, uwezekano mkubwa ni NTSC, hasa kama menyu zimeandikwa Kijapani, maana mitumba yetu mingi ya umeme inatoka huko. Watu wanasema siku hizi si tatizo kwa sababu televisheni bapa zinakubali PAL na NTSC. Kwa kurekodi, ni kweli, ila chini ya taa za hapa, ambazo umeme wake ni wa 50 Hz, picha ya NTSC inaweza kumetameta mpaka uweke shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/100 ya sekunde. Lakini kwa kanda za baba ni tatizo kubwa. Zile kasi mbili nilizokutajia ndizo zinazokataa: kamera ya NTSC inavuta utepe kwa mwendo usio wake, na hakuna televisheni itakayorekebisha hilo.

Kuna kijana aliniambia nisijisumbue na kamera hizi kwa sababu "analogi ilizimwa Dar tangu Desemba 31, 2012". Kilichozimwa siku ile ni mitambo ya kurushia matangazo. Waya wa njano unaopeleka picha kutoka kwenye kamera hadi televisheni haupiti kwenye mtambo wa mtu yeyote. Televisheni yako ikiwa na tundu la njano, au lile tundu dogo la AV linalotaka kiunganishi chake, kamera itaonyesha.

Sasa hili la "nzima ila haina chaji". Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Labda kweli hana chaja, lakini wewe usitoe hata shilingi kabla hujaiona ikizunguka. Na kwa bahati nzuri siku hizi si vigumu kuiwasha. Angalia mahali betri inapokaa. Handycam nyingi za katikati hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 zinatumia betri za familia ya NP-F, za volti 7.2, na hizo hazijafa, kwa sababu taa za LED za wapiga video wa leo zinatumia betri zilezile. Mpiga video yeyote wa harusi wa Kinondoni anazo nne kwenye begi. Azima moja. Kamera ikiwa ya zamani zaidi, yenye betri ya NP-55 au NP-77, hapo kazi inakuwa ngumu, na kwangu mimi hiyo ni sababu ya kushusha bei sana. Na kama muuzaji atatokea na chaja, soma maandishi kabla hujachomeka: panapoandikwa pembejeo ya volti 100 hadi 240 ni salama, lakini yenye 100 peke yake ni ya Japani na itatoa moshi mbele yenu wote wawili.

Nenda na kanda moja isiyo na thamani, vipokea sauti vya masikioni, tochi ya simu, na kama inawezekana kanda nyingine iliyorekodiwa na kamera tofauti. Hii ya mwisho ni ya muhimu kuliko zote na nitaeleza kwa nini.

Fungua mlango wa kanda kabla hujatia kanda yoyote. Usitazame kwanza, sikiliza. Mlango unatakiwa ufunguke kwa mlio mmoja wa taratibu, ukae, kisha ukiubonyeza ushuke bila kusita. Ukisikia mota inazunguka na mlango haushuki, au unashuka na kupanda tena, hiyo kamera ina mkanda wa mpira uliolegea au gia iliyopasuka. Nusu ya kamera zinazoletwa kwangu zinakufa hapo, na spea zake ni kuvunja kamera nyingine. Ukiwa hapo mulika ndani. Utaona ngoma ya chuma inayong'aa, imeinama kidogo. Hiyo inazunguka mara 25 kwa sekunde, na juu yake kuna vichwa viwili vidogo kuliko punje ya mchanga, kila kimoja kikiandika nusu ya picha. Ngoma yenye mkwaruzo unaouhisi kwa ncha ya ukucha ni kwaheri. Pembeni kuna gurudumu dogo jeusi la mpira. Likiwa limekauka na kung'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, utepe utateleza. Nusa pia. Kamera nyingi za miaka ya 1990 mwanzoni, za makampuni mbalimbali, zina kapasita ndogo zinazovujisha maji yake juu ya sakiti, na ndani hunuka kama dagaa. Dalili zake nyingine ni kuwaka baada ya kusitasita, rangi kufifia, au kuzima zenyewe. Hiyo inarekebishika, lakini ni kazi ya siku nzima kwa fundi mwenye subira, na utailipia.

Tia kanda yako. Rekodi dakika tano, ukiongea, ukikuza picha hadi mwisho na kurudi, ukitoka kivulini kwenda juani. Funika lenzi uone kama kwenye giza kuna vidoa vyeupe visivyohama. Vichache si neno. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni: ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, na kwa unyevunyevu wa Dar itaendelea kukua. Kioo cha pembeni kikiwa kimegeuka rangi ya chai, au kile kitundu cha kuchungulia kikiwa cheusi na cheupe, usijali, haviathiri kinachorekodiwa. Na usimruhusu akusifie kukuza kwa mara 300 kulikoandikwa ubavuni. Angalia maandishi kwenye lenzi yenyewe; 10 au 20 ndiyo ya kweli, nyingine ni kuvuta picha mpaka ipasuke.

Kisha rudisha nyuma, cheza, na sasa vaa vile vya masikioni. Ninarudia neno sikiliza kwa makusudi. Picha ikiwa na chenga nusu kwa nusu, kama mvua iliyopita juu ya picha inayoonekana, ni kichwa kimoja kimeziba, na mara nyingi kinasafishika. Lakini sauti ikiwa inakwaruza au inakuja na kuondoka, huku picha ikipanda na kushuka, basi utepe haupiti mahali pake na tatizo ni la kimakanika. Cheza, simamisha, peleka mbele, cheza tena, mara sita au saba. Mwisho toa kanda, inua kifuniko chake taratibu na utazame ukingo wa utepe. Ukingo uliokunjika hata kidogo, shukuru na uondoke.

Hata hivyo, kamera ikifaulu yote hayo bado haijafaulu. Mwaka 1998 nilirekodi harusi Magomeni kwa kamera niliyoinunua mtumba. Kila nikiangalia kwenye kamera ileile, picha safi kama maji. Nikawapelekea wenye harusi kanda yao, wakaiweka kwenye deki yao, ikawa chenga tupu. Deki ilikuwa nzima. Kamera yangu ndiyo iliyokuwa imepinda reli zinazoongoza utepe, kwa hiyo ilikuwa inaandika mwandiko wake yenyewe na kujisomea yenyewe. Nililazimika kuiacha nyumbani kwao wiki nzima ili waangalie harusi yao. Ndiyo sababu nakuambia beba kanda iliyorekodiwa na kamera nyingine. Kamera yako haitasoma mwandiko wake, itasoma wa kamera ya baba yako iliyoibiwa. Ikiicheza kanda ya kigeni bila mistari ya chenga juu au chini ya picha, hapo ndipo nitasema ni nzima.

Kuhusu kusafisha, kwa kuwa utauliza: pata spiriti safi ya isopropili, siyo ile ya kidonda yenye rangi, na kipande cha ngozi laini kisichotoa nyuzi. Pamba za masikio zikae mbali, nyuzi zake hung'oa vichwa. Kamera ikiwa imezimwa, gusisha ngozi yenye spiriti kwenye ngoma bila kukandamiza, kisha zungusha ngoma kwa kidole kutoka juu. Mkono unaoshika ngozi hautembei, ngoma ndiyo inayotembea. Kamwe usisugue juu na chini. Acha ikauke nusu saa.

Sasa kuhusu sendofu. Nitakuwa mkweli: muonekano unaoupenda utaupata, lakini ukumbi wa jioni ndio mahali kamera hizi zinapoteseka zaidi. Video8 ina takribani mistari 240 ya undani, Hi8 kama 400, na gizani hata hizo zinageuka kuwa chembechembe za kijivu zinazotambaa. Taa za rangi za DJ zitamwaga nyekundu nje ya nguo ya mdogo wako. Wengine wanalipenda hilo, sawa. Ila usiwe mpiga video pekee wa siku hiyo. Mwache mtu arekodi kwa simu, wewe chukua kamera yako mchana, wakati wa kupakwa hina, wakati shangazi wanapikia uani. Mwanga wa uani saa 10 jioni kwenye kamera hizi ni mtamu kuliko filta yoyote ya simu. Kile kitufe cha tarehe ukibonyeza, tarehe inachorwa ndani ya picha na haitoki tena, kwa hiyo amua mapema kama unaitaka.

Jihadhari na kiyoyozi. Ukikaa na kamera ukumbini penye baridi kisha ukatoka nje kwenye joto letu, juu ya ngoma huota umande kama gilasi ya soda, na utepe unaganda juu yake. Kamera nzuri itakuonyesha alama ya tone na kukataa kufanya kazi. Isiyo na alama itakula kanda. Ifunge kwenye begi kabla ya kutoka na uisubiri saa moja.

Kanda za kurekodia zinazouzwa sasa ni masalia ya maghala au zilizokwisha kutumika, na ndiyo maana mimi sipendi mtu azitegemee kwa kurekodi watoto kila wiki. (Kwenye kanda nilizonunua mtumba nimekuta sherehe ya ubatizo, mechi ya mtaani, na mzee mmoja anayeeleza kwa dakika 40 jinsi alivyochimba kisima. Yule mzee sikuweza kumfuta. Bado ninaye.) Vifaa vyenyewe pia havitengenezwi; hata upande wa VHS, Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki, iliacha Julai 2016. Kila kamera unayoiona ina saa chache zilizobaki kwenye vichwa vyake. Mimi ningezitumia kwa kanda za baba.

Na hapo, ikitokea kamera imefaulu, fanya hivi. Tazama kila kanda kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe, ni kuvu. Kanda hiyo iweke kando kwenye mfuko wake, usiicheze, kwa sababu itachafua vichwa na vichwa vitaambukiza kanda nyingine kumi. Zilizo safi, sogeza kale kakufuli kadogo mgongoni mwa ganda mpaka rangi nyekundu ionekane, ili hata mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi kamera ikatae. Ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, ilegee baada ya kukaa miaka yote hiyo. Anza na kanda ambayo mama anadhani haina cha maana sana.

Utahamishia kwenye laptopu kwa kifaa kidogo cha USB chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Vya bei ya chini vipo vingi Kariakoo, vingine vinatenganisha sauti na picha taratibu mpaka mwisho wa saa mtu anacheka kabla ya kusikia kichekesho, kwa hiyo jaribu dakika 60 kabla ya kushangilia. Kamera ikiwa Hi8 tumia soketi ya S-Video badala ya njano, utaona tofauti kwenye rangi. Weka mfumo wa PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Ukibahatika kupata kamera ya Digital8 inayocheza pia kanda za analogi, maana si zote zinazoweza, hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa hali yenu: inasoma mifumo yote mitatu na inatoa dijitali moja kwa moja kwa waya wa i.LINK, ila laptopu nyingi za sasa hazina tundu hilo. Njia hiyo hula takribani GB 13 kwa saa. Kanda 11 za dakika 90 ni saa 16 na nusu, kwa hiyo tenga kama GB 215, mara mbili, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Vipande vya kuwatumia ndugu kwenye WhatsApp tengeneza pembeni. WhatsApp inaminya video, usiifanye kabati.

Kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90, hakuna njia ya mkato. Kaa na mama wakati inacheza na uwe na daftari, kwa sababu nusu ya watu watakaopita kwenye picha wewe huwajui na yeye anawajua. Na utashangazwa na sauti. Video8 iliandika sauti kwa vichwa vilevile vinavyozunguka, tofauti na VHS-C nyingi zilizoiandika kwenye ukingo mwembamba wa utepe, kwa hiyo picha ya 1996 inaweza kuwa imechoka lakini mtu aliyesimama nyuma ya kamera anasikika kama yuko chumbani. Na nyuma ya kamera, miaka yote ile, alikuwa baba.

Bei sasa. Kwa 220,000, kamera ya Hi8 au Digital8, ya PAL, iliyocheza kanda ya kigeni mbele ya macho yako, ningeitoa bila kunung'unika sana. Ikiwa ni Video8 tupu na haina chaja, nisingevuka nusu ya hapo. Ikiwa ni NTSC, iache hata kwa 50,000, labda uipendee sendofu peke yake. Na kama inakataa kuwaka kabisa, muuzaji abaki nayo, asikupe maneno ya "fundi atagusa kidogo tu". Mimi ndiye fundi, na hakuna kugusa kidogo kwenye kamera hizi.

Kwa hiyo usitoe hela leo. Jioni mwombe mama akufungulie kabati, piga picha lebo za kanda zote 11, mbele na ubavuni, na muulize lile swali la kamera ya pili. Kesho pitia kwa muuzaji upige picha ya kibandiko cha chini na mahali pa betri, kisha nitumie zote pamoja. Nikishaziona nitakuambia uazime betri gani.